Akina Adela Kumi na Saba

Wenzangu mnaobaki na orodha,

Mliniomba mwongozo wa kazi. Nilianza kuuandika, nikaishia ukurasa wa kwanza, kwa sababu mwongozo husema ubonyeze wapi, hausemi ulipobonyeza nani aliumia. Kwa hiyo nawaachia hii badala yake. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara anisamehe. Vyeo nilipata vitatu, na vyote vitatu nilivikalia kwenye meza ileile, mbele ya dirisha lilelile, nikisikiliza fundi jirani akigongomea vitanda.

Nilipofika mara ya kwanza kwenye ofisi yetu ya Kasenga, hapa Uvira kando ya ziwa, mutuele ilikuwa bado changa. Familia zilikuwa zinachangia kidogokidogo, na siku ya ugonjwa mtu anaonyesha karte yake, anatibiwa. Sauti kubwa hapo haikuwa ya daktari, ilikuwa ya kabati la chuma lililojaa fishi za karatasi ngumu, fishi moja kwa kila mtu. Aliyelitawala kabati hilo aliitwa Papa Sumaili. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye penseli mbili mfukoni na hana kifutio. Sikusalimiwa. Nilionyeshwa kiti, akatoa fishi mpya.

"Jina?"

"Faida Mwavita Bernadeta."

"Nani alikupatia?"

"Sista wa materinite mwenye alizalisha mama. Ni majina yangu, yote tatu."

Kwetu, mnajua, mtoto si lazima achukue jina la baba. Anaweza kupewa jina la mtu fulani, zima kama lilivyo, na tangu siku hiyo wawili hao huitana majina. Papa Sumaili aliandika bila kushangaa, akafika mstari wa mwisho.

"Nani anakujua?"

Nikacheka. "Batu mingi, Papa."

"Batu mingi hapana. Nitajie muntu moja. Nikienda kumuuliza, aniambie nyumba yenu iko wapi na nini inakuumiza."

Nilimtaja jirani yetu mshona nguo, naye akaandika. Ndivyo nilivyoajiriwa, na sikuulizwa tena swali lolote.

Mstari ule wa mwisho nilidhani ni upuuzi wa mzee. Baada ya miezi michache nikaona kwamba mingine yote ndiyo ya kupita tu. Tarehe ya kuzaliwa? Nusu ya watu wa bonde la Ruzizi walizaliwa tarehe moja ya Januari, ukisikiliza wanavyosema. Simu? Namba ilikuwa ya mwenye duka, na avenyu nzima ilipokea ujumbe wake hapo. Anwani ilihama na mvua. Jina nalo mtu aliweza kuliacha ng'ambo, Burundi, alikokimbilia, akarudi na lingine. Lakini mtu anayekujua hakosekani, na ukimpata yeye umekupata wewe.

Papa Sumaili alinifunza pia namna ya kukosea. "Ukikosea, piga mustari. Ile ya chini ibaki kusomeka. Kesho unaweza kuona kama ni weye ulikosea, si mwenye fishi." Ndiyo sababu hakuwa na kifutio. Siku moja nilileta changu kutoka nyumbani. Alikichukua kwa adabu, akakitupa dirishani kwa fundi wa vitanda.

Kesi ngumu za siku zile zilikuwa za mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, ambaye sote tulimwita dublo, kama Wafaransa. Kulikuwa na mama wa bondeni aliyekuwa na fishi tatu kwa majina matatu, na kila moja ilikuwa ya kweli. Kulikuwa na kituo cha afya kilichoandikwa kwa jina la kilima, kwa jina la kanisa, na kwa jina la mzungu aliyekijenga akaondoka. Tulikuwa tunakipelekea dawa mara tatu, na muuguzi wake, kwa unyenyekevu mkubwa, hakuwahi kulalamika. Nilikwenda kwa baiskeli kuhesabu milango, nikakuta ni mmoja. Nilirudi nimejaa vumbi na furaha, maana hakuna raha ya kazini inayoshinda kugundua kwamba vitu vitatu ni kimoja. Raha hiyo ndiyo iliyokuja kuniponza.

Miaka ikapita, Papa Sumaili akastaafu, akafa, akaniachia penseli zake. Zikaja kompyuta. Kabati likasukumwa stoo, nyuma ya magodoro mabovu. Kila fishi ilinakiliwa kwenye programu: jina, mwaka, jinsia, anwani, simu, ugonjwa. Mstari wa "Nani anakujua?" haukuwa na nafasi yake. Aliyetuletea programu alisema kwa upole kwamba hiyo si data. Nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyesoma.

Kisha ikaja amri ya wafadhili kwamba orodha zote ziwe moja. Wanachama wa mutuele, wagonjwa wa hospitali, mama wajawazito, watu wa dirisha la dawa, kila mtu awe na faili moja tu, na dublo zote ziondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Programu ilikuwa inaleta majina yanayofanana na kuuliza: Unganisha? Ukikubali, faili ya zamani zaidi inabaki na ile mpya inamezwa. Kanuni hiyo niliiandika mimi, na direkteri akaisifu mbele ya wageni. Faili ya zamani, niliandika, ndiyo yenye mizizi.

Nilikuwa hodari. Nilikuwa naunganisha kama mtu anayepukuchua mahindi, na alasiri moja nikafika majina ya Lemera, kule mlimani.

Nabintu Sifa Adela. Nabintu Sifa Adela. Nabintu Sifa Adela. Walikuwa kumi na saba, wote wanawake, wote wa mlima mmoja, na wote, isipokuwa mmoja, wameandikishwa kwenye kituo kimoja cha afya. Na mkunga wa kituo hicho, ambaye nilijua mwandiko wake tangu enzi za fishi, aliitwa nani? Nabintu Sifa Adela.

Nilihisi damu ikinipanda. Nikajiambia, huyu mama ametuona wajinga. Ameandika jina lake mwenyewe mara kumi na saba ili apelekewe dawa za watu wasiokuwapo. Miaka ilitofautiana, ndiyo, lakini mwizi mwenye akili hubadilisha miaka. Faili moja ilikuwa imefunguliwa kwenye dirisha letu la dawa hapa Uvira, si Lemera. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kwamba wizi umeshuka mpaka mjini. Ningeweza kumpigia simu. Sikumpigia, kwa sababu sikutaka kumshtua mwizi, na kwa sababu jua lilikuwa linashuka nami nilitaka kwenda nyumbani na ushindi. Mimi, ninayebeba jina zima la sista, niliangalia majina kumi na saba na sikukumbuka jambo ambalo kila mtoto wa ziwa hili analijua. Programu ikauliza: Una hakika? Nilikuwa na hakika mara kumi na sita.

Akabaki Adela mmoja, mkulima, miaka thelathini na miwili, mwenye afya nzuri.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, nilikuwa sijamaliza chai simu ikalia. Sauti ilikuwa inakatika kwa upepo.

"Mama Bernadeta, ni Mama Nabintu, mukunga wa Lemera. Kuko mama moja hapa mbele yangu, Mama Feza. Kwa dirisha yenu balimuambia sindano ya sukari ya mutoto yake iko huku kwangu. Huku hakuna. Haijapataka kuwa huku."

"Mutoto anaitwa nani?"

"Adela."

"Adela gani?"

"Nabintu Sifa Adela. Majina yangu."

Nikasema, taratibu, kama mtu anayekanyaga daraja bovu, "Ni moja kati ya wale kumi na saba?"

"Kumi na saba?" Akacheka kidogo. "Weye unajuaje hesabu? Minye mwenyewe sijahesabu. Nimezalisha batoto ya huu mulima miaka yote hii. Bazazi wengine balinipa kuku, wengine balinipa jina."

Chai ilipoa mbele yangu. Nilikuwa nimeogopa makosa maisha yangu yote kama watu wanavyoogopa nyoka, na sasa nilikuwa nimeketi juu yake.

"Uyu mutoto, mwenye kugonjwa sukari, iko na miaka ngapi?"

"Kumi na tatu. Balihama mwaka jana kuja huko kwenu, juu ya masomo na juu ya friji ya dawa."

"Dawa yake iliisha siku gani?"

Nikamsikia akiuliza pembeni, na sauti ya mwanamke mwingine ikijibu haraka. "Juzi asubui," akasema. "Mama yake alipanda jana, amelala njiani. Mutoto alibakia Songo, kwa—"

Mtandao ukakatika. Nikapiga mara tano. Mlima ule ukinyamaza, umenyamaza.

Kwa wale ambao hamjui ugonjwa huo kwa watoto: bila sindano hawezi kungoja kama mtu wa malaria anavyoweza kungoja. Siku ya kwanza anakunywa maji sana. Siku ya pili anatapika. Ya tatu analala. Hii ilikuwa ya tatu.

Nilifungua faili. Yule mkulima wa miaka thelathini na miwili alinitazama akiwa mzima wa afya. Chini yake, mahali ambapo Papa Sumaili angeniachia mstari wa kusoma, hapakuwa na kitu. Anwani ya Songo, mtaa wa hapahapa Uvira, ilikuwa imemezwa. Ugonjwa ulikuwa umemezwa. Mama Feza, alipokuja dirishani, alikuwa ameambiwa kilichoandikwa kwenye kioo: mtoto wako ni wa Lemera, nenda Lemera. Nikakimbia stoo.

Juvenali, mtu wa dirisha la dawa, alinifuata akiuliza kuna nini. Nilimwambia asogeze magodoro. Kabati lilikuwa limepigwa na maji ya mafuriko, droo mbili za chini zilikuwa tope kavu. Droo ya Lemera ilikuwa ya tatu. Tope lilikuwa limeishia kiganja kimoja chini yake. Nilimwambia Juvenali tunatafuta mama anayeitwa Feza, na kwa nini. Mikono yake ikasimama.

"Ule mama wa mbele ya jana? Ni minye nilimufukuza?"

"Hapana. Ni minye. Tafuta."

Mlima ule ulikuwa na akina Feza wanne. Wa kwanza alikuwa bibi. Wa pili alikuwa amepigwa mstari, amekufa. Wa tatu hakuwa na mtoto. Fishi ya nne ilikuwa na mtoto mmoja, Adela, na kwenye mstari wa mwisho, kwa penseli ya Papa Sumaili iliyonolewa kama sindano: Nani anakujua? Nabintu, mkunga. Bitondo, shangazi, ndagala, Kasenga, chini ya ukuta wa shule.

Nililia hapo hapo, lakini kwa kusimama, maana nafasi ya kulia kwa kukaa haikuwapo. Juvenali alikuwa tayari amekwenda kwenye friji. Alirudi na chupa moja ya akiba ndani ya termosi, imefungwa kitambaa chenye maji baridi. Kanuni yetu ilisema chupa haitoki bila jina kwenye orodha. Kanuni hiyo pia ilikuwa yangu, imebandikwa kwenye mlango wa friji na sahihi yangu chini. Hakuitaja, na mpaka leo namshukuru.

Shule haikuwa mbali. Fishi ilikuwa na miaka zaidi ya kumi, na njiani nilikuwa naomba Mungu, nikijiambia kwamba mwanamke anayeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwa, hahami meza yake. Alikuwapo. Alikuwa anapima ndagala kwa kikombe, akibishana na mteja.

"Mama Bitondo? Adela iko wapi?"

"Iko nyumbani, Songo. Weye nani?"

"Anafanya nini?"

"Analala. Tangu jana analala tu. Niliwaza ni malaria. Ninamupa maji, anakunywa, anatapika."

"Anapumua namna gani?"

Kikombe kilishuka mezani. Alifikiri, na kadiri alivyofikiri uso wake ulibadilika.

"Sawa muntu mwenye kupanda mulima," akasema.

Aliacha ndagala wazi, mbele ya mteja, akapanda pikipiki pamoja nami. Songo tulipita vichochoro ambavyo pikipiki hazipiti, na dereva alikuwa analalamika mpaka alipomwona mtoto.

Alikuwa mkekani, mwembamba, macho nusu wazi. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa nguvu kama cha mtu aliyekimbia, naye hajasogea. Pumzi yake ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nilimwita kwa jina lake. Akageuza kichwa kidogo, na hapo nikaelewa kwa mwili mzima kwamba jina lile, nililolifuta mara kumi na sita, lilikuwa na masikio.

Sindano sikumpiga. Mimi ni mtu wa orodha, na nilikuwa nimekwisha kufanya kazi nisiyoijua vya kutosha. Dereva mbele, mtoto katikati, mimi nyuma nimemkumbatia na termosi imebanwa tumboni. Mama Bitondo alikuja na pikipiki nyingine.

Kwenye mapokezi ya hospitali, kijana wa kompyuta aliuliza jina. Nikamtajia. Akaandika, akakunja uso.

"Mama, uyu Nabintu Sifa Adela iko na miaka makumi tatu na mbili. Na hana ugonjwa."

"Ni muntu mwengine. Fungua faili mupya."

Akajaribu. "Programu inakataa. Inasema tayari iko."

Ndiyo, ilikataa. Nilikuwa nimelipa watu wakaifundisha kukataa. Mtoto alikuwa ananilemea mikononi, na kijana yule, kwa heshima zote, alikuwa analinda mlango nilioujenga mwenyewe. Nilichukua kipande cha plasta mezani, nikaandika kwa penseli ya Papa Sumaili: Adela, mtoto wa Feza, Lemera, sukari. Nikambandika kwenye mkono. Nikamwambia kijana, "Faili yake ndiyo hii." Muuguzi mmoja alisoma plasta, akanusa pumzi ya mtoto, akanyang'anya termosi bila kuuliza jina la mtu yeyote. Mlango ukafungwa.

Mama Feza alifika kabla jua halijazama, viatu mkononi. Mtandao ulikuwa umerudi, nimempigia Mama Nabintu, naye amemweleza, na alikuwa ameshuka mlima kwa njia zote, kwa miguu, kwa lori, kwa pikipiki. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri yenye maneno ya ofisi. Ilipofika zamu yake ikayeyuka.

"Mama Feza, dawa ya mutoto haikupotea bure. Ni minye nilimuunganisha na muntu mwengine. Nilisema Adela haiko."

Aliviweka viatu chini.

"Minye nilipanda mulima," akasema. "Weye ulikaa kwa kiti."

Akakaa kwenye benchi, mbali nami kidogo. Siku ile wala iliyofuata hatukujua kama atapona. Daktari alikuwa anapita akisema tungoje. Sijawahi kungoja namna ile, si kwa mume wangu alipokuwa mgonjwa, si wakati wa risasi. Kwa mume wangu nilikuwa na huzuni tu. Hapa nilikuwa na huzuni na aibu pamoja, na aibu hailali.

Siku ya tatu Adela alifungua macho, akaomba bugali. Wakacheka, wakalia. Kisha akanionyesha mimi, niliyekuwa mlangoni, akauliza huyu mama ni nani.

"Ni muntu wa liste," Mama Feza akasema.

Nimeitwa mengi kazini. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Ofisini direkteri alitaka tuandike kwenye ripoti kwamba programu ilipata hitilafu. Nilimwambia programu iliuliza mara kumi na sita kama nina hakika, haiwezekani kuwa na adabu kuliko hapo. Nikaandika jina langu. Aliniacha kazini, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kufungua lile kabati.

Kisha nikapanda Lemera. Mama Nabintu alikuwa amewaita wote kwenye kituo chake, siku ya kliniki. Alikuwa mama mrefu, mikono mikubwa, hana haraka. Hakunipa kiti mara moja.

"Ulifikiri niko mwizi," akasema.

"Ndiyo."

"Ungenipigia."

"Ndiyo, mama."

Akanipa kiti. Nilifungua daftari, nikaita jina mara moja, na benchi zima likaitika. Wasichana, wanawake, mmoja ana mimba, mmoja ameshika mkono wa mama yake, yule mkulima wa miaka thelathini na miwili akiwa mkubwa wao, amevaa kitenge kipya kana kwamba ni arusi. Kumi na sita; wa kumi na saba alibaki Uvira. Nilikaa na kila mmoja, nikauliza la mwisho kabla ya la kwanza: nani anakujua? Wote walijibu Mama Nabintu. Mwenyewe akapaza sauti kutoka dirishani, "Minye sihesabiwe. Mutaje mwengine." Ilituchukua siku mbili. Nililala kwake, akanipikia, na hakunizungumzia tena wizi, ila kila nilipoomba chumvi alikuwa ananiuliza kama nina hakika.

Programu ikapewa kitufe cha kukataa kuunganisha, na mstari wa "Nani anakujua?" ukarudi mwaka ule. Wafadhili waliuliza ni data ya aina gani. Nikawajibu ni ile inayobaki nyingine zikimezwa. Na ninyi, msiunganishe alasiri. Msiunganishe mkiwa na hasira. Pigeni simu kwanza, hata kama mlima haupokei, na msipompata, mwacheni mtu awe wawili mpaka kesho. Mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili ni hasara ya karatasi.

Sasa la mwisho, ambalo hamkuliona kwa sababu mlikuwa mnapanga viti vya kuniaga.

Wiki ile ya mwisho alikuja mwanamke kijana na mtoto mchanga mgongoni. Begani alikuwa na mfuko mdogo wa kubebea termosi. Nilimtambua kwa huo mfuko kabla ya uso. Nilikuwa nikimwona dirishani kila mwezi miaka yote ile, tunasalimiana, hatuendi mbali zaidi. Mama Feza alikuwa hanisalimu.

"Nimekuja kuandikisha mutoto," Adela akasema.

Nikavuta kinanda cha kompyuta. "Jina?"

Akalitaja polepole, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani. "Faida Mwavita Bernadeta."

Nilimwangalia mtoto, amelala, mdomo wazi.

"Ju ya nini jina yangu?"

"Nilimuuliza mama. Nilijua atakataa." Akarekebisha kitenge mgongoni. "Alikaa, alikaa, kisha akasema: uyu alikufuta, lakini ni yeye alikuya na pikipiki. Umupe. Na kuanzia sasa, ajue vile inakuwaka kuwa wawili."

Nikaandika. Onyo jekundu likawaka, kama nilivyojua litawaka. Mtu huyu tayari yupo. Unganisha?

"Inasema nini?" Adela akauliza.

"Inauliza kama minye na mutoto yako ni muntu moja."

"Na weye unajibu nini?"

Nilishuka mpaka mstari wa mwisho, maana nilifundishwa kuanza na huo. "Nani anamujua?" nikamuuliza.

"Andika weye," akasema.

Nikaandika jina langu, lote, matatu. Kisha nikapanda juu nikabonyeza: Hapana, ni wawili. Programu ikauliza kama nina hakika. Nilikuwa nayo.

Kwa hiyo, wenzangu, mtakapokuta faili ya mtoto wa Songo yenye jina lilelile juu na chini, la mtu mwenyewe na la anayemjua, msidhani ni kosa. Nipigieni kwanza.